Kobalti yetu inauzwa mara moja, hadithi yao mara tisa

Mwezi wa Oktoba 2025 ulileta habari mbili ambazo hatukuona mtu akiziweka pamoja. Tarehe 16, serikali ya Kongo ilifungua tena mlango wa kuuza kobalti nje ya nchi, mlango uliokuwa umefungwa tangu tarehe 22 Februari. Iliufungua kwa kipimo: tani 18 125 kwa muda uliobaki wa mwaka ule, kisha tani 96 600 kwa mwaka 2026 na kiasi hicho hicho kwa mwaka 2027. Tarehe 30 ya mwezi ule ule, kampuni ya Square Enix ya Japani ilitoa sokoni Dragon Quest I na II, michezo miwili ya video iliyouzwa kwa mara ya kwanza mwaka 1986 na 1987. Imechorwa upya, na inachezwa kwenye mashine za leo, pamoja na Nintendo Switch, konsoli ambayo mtu anaishika mkononi kama kitabu.

Habari ya kwanza ilizungumzwa Likasi kutoka Shituru hadi Panda, kwa sababu inagusa sufuria. Ya pili ilibaki kwa vijana, kwa simu, usiku. Mzazi akisikia neno «jeu» anafikiri ni mambo ya mtoto asiyependa masomo, na mazungumzo yanaishia hapo. Sisi tunaona kwamba habari hizi mbili ni za meza moja, na tunaandika leo kwa sababu mji huu una jambo la kudai.

Tuanze na kilichomo ndani ya mashine. Konsoli ya mkononi inaishi kwa betri. Betri ya litiamu ilianza kuuzwa na Sony mwaka 1991, na upande wake mmoja ulitengenezwa kwa oksidi ya litiamu na kobalti. Katika oksidi hiyo, kobalti peke yake ni karibu asilimia 60 ya uzito. Magari mengi ya umeme yameanza kuikwepa, lakini vifaa vidogo vya mkononi kwa kawaida bado vinaitegemea, kwa sababu inaweka umeme mwingi katika nafasi ndogo. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, na karibu yote inatoka katika mkanda mmoja: Kolwezi, Fungurume, Kambove, Likasi, hadi upande wa Lubumbashi. Hakuna anayeweza kushika Switch moja na kusema gramu hizi zilitoka kwetu, kwa maana madini yakifika kwenye viwanda vya kusafishia kule China yanachanganywa. Lakini hesabu haihitaji mwalimu. Mtoto wa Osaka anayecheza kitandani, ukimwambia ameshika kipande cha udongo wa Kongo, utakuwa umesema kweli mara nyingi kuliko uongo.

Ndugu zetu wa Kivu walilijua jambo hili kabla yetu. Mwaka 2000, wakati PlayStation 2 ilipotoka na simu za mkononi zilipokuwa zinaongezeka kila siku, bei ya koltani ilipanda ghafla, na watu waliacha mashamba kwenda kuchimba. Sisi wa Katanga tuliisoma habari yetu wenyewe mwezi wa Januari 2016, Amnesty International pamoja na Afrewatch, shirika la Kikongo, walipotoa ripoti juu ya watoto na wakreseri katika machimbo ya kobalti ya kusini mwa nchi. Ripoti ile ilizitaja Apple, Samsung na Sony kwamba hazikufanya hata ukaguzi wa kawaida wa mahali kobalti yao inapotoka. Sony ndiyo mwenye PlayStation. Ndiyo pia iliyotengeneza PSP, konsoli ya mkononi ambayo vijana wengi wa hapa waliijua kwa kununua ya mtumba.

Hayo yamesemwa sana, na yataendelea kusemwa. Tunachotaka kusema leo ni kingine, na kinatokana na ile habari ya tarehe 30.

Michezo kama Dragon Quest na Final Fantasy siyo michezo ya kupiga risasi wala ya mpira. Mchezaji anachukua nafasi ya mtu ndani ya hadithi. Anaanza akiwa mnyonge, na fimbo mkononi, katika kijiji kimoja. Anauliza watu, ananunua silaha na dawa, anapigana njiani, anapata nguvu kidogo kidogo, na baada ya saa 30 au 50 anafika mwisho akiwa mtu mwingine. Kazi kubwa ndani yake ni kusoma. Asiyesoma hajui aende wapi. Mzee wa kijiji anasema ufunguo uko pangoni upande wa kaskazini. Usipomwelewa, utazunguka wiki nzima.

Ukipita Kikula jioni, siku ambayo delestaji haijapiga, utawaona vijana wawili watatu wameinama juu ya simu moja. Wanacheza michezo ya zamani ya PSP au ya Game Boy kwa programu kama PPSSPP, inayofanya simu ijifanye konsoli. Mmoja anashika, mwingine anasoma Kifaransa kwa sauti, wa tatu anatafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya mdogo wake. Kama mchezo una Kiingereza tu, wanakisia. Yule wa tatu, anayetafsiri, ndiye sababu ya makala hii.

Sasa, ile kazi ya kutengeneza mchezo wa zamani upya ili ukae kwenye konsoli ya mkononi inafanywaje? Chukua Final Fantasy III. Ilitoka Japani mwaka 1990 kwa mashine ya Famicom, na mchezo wote ulikaa katika kilobaiti 512, ndogo kuliko picha moja unayopiga leo kwa simu. Nafasi ilikuwa finyu hata maandishi yaliandikwa kwa herufi rahisi za Kijapani peke yake. Zile nyingi zenye asili ya Kichina hazikuingia. Mwaka 2000 ilitangazwa kwamba mchezo utafanywa upya kwa WonderSwan Color, konsoli ndogo ya mkononi ya Japani. Final Fantasy I, II na IV zilifika huko. Ya tatu haikufika; kazi ikasimama. Ilibidi kungoja Nintendo DS, konsoli iliyouzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na tarehe 24 Agosti 2006 ndipo Final Fantasy III ikarudi.

Ilirudi imejengwa tangu msingi. Mashujaa wanne, ambao mwaka 1990 walikuwa mayatima wasio na majina yao wenyewe, walipewa majina, sura na tabia. Picha zilizokuwa bapa zikawa na urefu na upana na kina. Maneno yalipangwa upya ili yasomeke kwenye kioo kidogo. Na kwa kuwa mtu wa konsoli ya mkononi anacheza kwenye basi, au akimngoja rafiki, au mama anaita katikati ya vita, waliongeza njia ya kusimamisha mchezo haraka bila kupoteza safari. Mchezo wa zamani haukujua mambo hayo, maana uliwekwa sebuleni, mbele ya televisheni, na mtu aliyekaa chini.

Tunaeleza haya kwa sababu watu wengi wanadhani kufanya upya ni kunakili. Kumbe kazi yenyewe ni kuchagua: hiki tubakize kwa sababu ndicho watu walikipenda, hiki tukiondoe kwa sababu kilikuwa udhaifu wa mashine, hiki tukiongeze kwa sababu mchezaji wa leo ana maisha mengine. Mjomba anayesimulia hadithi kijijini anafanya vivyo hivyo kila usiku. Tofauti ni kwamba mjomba halipwi mara ya pili.

Na hapa ndipo penye uchungu. Final Fantasy ya kwanza, hadithi ile ile moja ya mashujaa wanne na vito vinne, iliuzwa mwaka 1987 kwa Famicom. Iliuzwa tena mwaka 1989 kwa kompyuta za MSX2, mwaka 2000 kwa WonderSwan Color, mwaka 2002 kwa PlayStation, mwaka 2004 kwa Game Boy Advance, mwaka 2007 kwa PSP, mwaka 2010 kwa simu, mwaka 2021 kwa kompyuta na simu ikiwa imechorwa upya, na mwaka 2023 kwa Switch na PlayStation 4. Hiyo ni mara tisa, na hatukuhesabu zote. Kuna watu duniani waliouza hadithi moja kwa mtoto, kisha kwa mtoto yule yule akiwa kijana, kisha akiwa baba mwenye watoto. Na hadithi bado iko kabatini kwao, nzima, haijapungua hata neno.

Kobalti ya Likasi inauzwa mara moja. Lori likishapita Kasumbalesa, biashara yetu imekwisha. Kinachobaki ni shimo, maji ya rangi, na risiti. Mji huu ulijifunza hayo mapema: ulipoitwa Jadotville, uranium ya Shinkolobwe, hapo karibu, iliingia katika mabomu ya Marekani ya mwaka 1945, na leo Shinkolobwe inajulikana duniani kote isipokuwa kwa faida yoyote iliyoiacha hapa. Shaba ya Shituru nayo ina historia yake. Hatusemi wazee wetu hawakufanya kazi; walifanya, na nyumba nyingi za mji huu zilijengwa kwa kazi ile. Tunasema tu kwamba walifanya kazi juu ya kitu kinachoisha.

Kwa hiyo mtu akituuliza kwa nini gazeti zima linaandika juu ya michezo ya video, jibu letu ni hili: tunatafuta kitu ambacho kijana wa Likasi anaweza kukiuza mara mbili.

Njia ya karibu zaidi ni lugha. Ile Dragon Quest iliyotoka Oktoba unaweza kuicheza kwa Kifaransa, kwa Kiingereza, kwa Kijapani na kwa lugha nyingine kadhaa. Kiswahili hakimo. Hakimo pia katika Final Fantasy. Lugha ambayo Katiba yetu ya 2006 inaitaja kati ya lugha nne za taifa, lugha ambayo UNESCO imeiwekea siku yake tarehe 7 Julai, haina hata mchezo mmoja mkubwa wa aina hii unaosomeka ndani yake. Mtu asituambie haiwezekani kwa mashine. Mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitafsiri programu za ofisi za OpenOffice na kuziita Jambo OpenOffice. Walilazimika kutafuta neno la Kiswahili kwa kila kitufe. Kama kitufe kiliweza, joka litashindwaje?

Tena historia ya michezo hii inaonyesha kwamba tafsiri mara nyingi ilianza kwa vijana wenyewe. Final Fantasy III ilikaa miaka 16 bila tafsiri rasmi ya Kiingereza. Wapenzi wake hawakungoja: mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuwa tayari wameshaitafsiri wenyewe, bila malipo, kwa kufungua mchezo ndani na kutafuta kila herufi ilipofichwa. Final Fantasy V ilipita njia hiyo hiyo. Mother 3, mchezo wa Game Boy Advance wa mwaka 2006, ulitafsiriwa na wapenzi wake mwaka 2008, na hadi leo wengi wanaousoma kwa Kiingereza wanasoma kazi yao. Tuwe wakweli kwa vijana wetu: haki ya kutafsiri ni ya mwenye mchezo, na kazi ya namna ile haiuzwi. Yule anayejaza kadi za simu sokoni na michezo ya watu anajua anachofanya. Lakini hao waliotafsiri walijifunza ufundi, na wengine wao ufundi ule uliwapa kazi.

Nasi tungejifunza nini? Tumejaribu kidogo hapa ofisini, kwa karatasi na kalamu, na tukaanza kugombana kabla chai haijapoa.

Chukua kazi mbili maarufu za Final Fantasy: yule anayeponya kwa nguvu nyeupe na yule anayechoma kwa nguvu nyeusi. Kifaransa kinawaita mage blanc na mage noir. Ukifungua kamusi utaandika «mchawi mweupe». Peleka mchezo huo Likasi, mtoto aukute shujaa wake anaitwa mchawi, na tunawajua wachungaji watakaoichukua simu ile siku ya Jumapili. Siyo mzaha. Katika miji yetu kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa neno hilo. Basi yule mweupe aitwe mganga, au mufumu kama wazee wanavyosema? Mufumu anaponya lakini pia anatazama mambo yaliyofichika, na wengine hawamtaki. Yule mweusi, je, aitwe mlozi? Huyo wote tunamwogopa, sasa atakuwaje upande wetu katika vita? Mwenzetu mmoja alipendekeza «fundi wa moto». Tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu lilikuwa zuri.

Au neno la kuhifadhi safari yako. Kiswahili cha shule kinasema «hifadhi». Hakuna mtoto wa Kikula anayesema hivyo. Anasema «chunga»: chunga makuta yangu, chunga mahali pangu. Mtu wa Dar es Salaam akisoma «chunga mchezo» atatafuta mbuzi. Tunaandikia nani? Sisi tunasema tuandikie Kikula kwanza. Dar es Salaam ina vijana wake.

Na kuna suala la nafasi, ambalo lilitushangaza. Kioo cha Game Boy ya kwanza kina vitone 160 kwa upana. Ukiandika kwa herufi za vitone vinane, mstari mmoja unabeba herufi 20 tu. Tulidhani Kiswahili kitashindwa, maana kina maneno marefu. Kweli, «nyumba ya wageni» inakula nafasi 16 ambapo «auberge» inakula saba. Lakini ukifika kwenye kitenzi, mambo yanageuka. «Je vais t'en acheter» inajaza mstari wote wa 20. «Nitakununulia» ni 13. Kiswahili kinaingiza mtu, wakati, anayepewa na kazi yenyewe katika neno moja; ni lugha iliyofungwa vizuri kama mzigo wa msafiri. Mwalimu wa Kiswahili akilifundisha jambo hili kwa mchezo, darasa halitasinzia.

Hatua ya pili, baada ya kutafsiri, ni kutengeneza. Hapa hatuhitaji kwenda Japani kutafuta mfano. Huko Yaoundé, Cameroon, kampuni ya Kiro'o Games ilifunguliwa mwaka 2013, na mwaka 2016 ikatoa Aurion, mchezo wa kuchukua nafasi ya shujaa, wenye falme na miungu iliyobuniwa kutoka desturi za Afrika. Walikosa umeme wakati mwingine kama sisi, walikosa benki ya kuwaamini, wakaomba mchango wa watu kupitia intaneti. Haikuwa rahisi, na hatutaki kumdanganya kijana kwamba atatajirika. Lakini mchezo upo na unauzwa. Na kwa anayetaka kuanza na kidogo zaidi, tangu mwaka 2019 kuna programu ya bure inayoitwa GB Studio, ambayo mtu asiyejua kuandika programu anaweza kuitumia kutengeneza mchezo wa Game Boy unaochezwa kwenye simu ya bei ndogo, au hata kwenye Game Boy yenyewe kama ataipata. Kompyuta ya mtumba inatosha.

Hadithi hatukosi. Wanyanga wa Kivu wana Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, ambaye baba yake alimkataa, naye akamfuata mpaka chini ya ardhi kwenye makao ya mizimu. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliichapisha mwaka 1969 kutoka kinywa cha msimuliaji Rureke. Msomaji yeyote aliyecheza Dragon Quest ataona mara moja: kijiji, safari, pango, wasaidizi, mapigano na mkubwa wa chini, kurudi nyumbani. Waluba wana Nkongolo, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga. Bunkeya kuna Msiri na ikulu yake. Na sarafu ya mchezo tayari tunayo: misalaba ya shaba, iliyoyeyushwa na mafundi wa nchi hii na kutumika kama pesa karne nyingi kabla ya treni. Mtoto wa Likasi angeua nyoka mkubwa, nyoka angeangusha msalaba mmoja wa shaba, mtoto angeupeleka kwa fundi kununua shoka. Hatujui mchezo wowote wa Japani wenye sarafu nzuri kuliko hiyo.

Sasa tufike kwenye pesa, maana makala isiyotaja pesa katika mji wa madini ni hadithi tu.

Sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018 iko wazi. Kobalti ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa mwaka ule, na mrabaha wake, ile redevansi, ni asilimia 10. Katika kila franka ya mrabaha huo, nusu inakwenda Kinshasa, asilimia 25 inakwenda jimboni, asilimia 10 inakwenda kwenye mfuko wa vizazi vijavyo, na asilimia 15 inapaswa kufika kwa mamlaka ya mahali ambapo madini yanachimbwa: mji, komine, sekta au utemi. Juu ya hayo, kila kampuni inayochimba inatakiwa kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zilizo jirani nayo. Kwa fedha hizo tumezoea kuona madarasa yenye bati jipya, visima, na ubao mkubwa wa kampuni mbele yake.

Tunaomba kitu kidogo kutoka hapo. Chumba kimoja katika mji wa Likasi, chenye paneli za jua ili delestaji isikifunge, kompyuta kumi za mtumba, na intaneti. Mlango uwe wazi baada ya masomo. Walimu wawili wa Kiswahili walipwe kwa saa, pamoja na kijana mmoja au wawili kati ya wale wanaotengeneza simu barabarani, ambao wanajua mashine kuliko wengi wenye diploma. Chuo Kikuu cha Likasi kinaweza kukipokea chumba hicho chini ya paa lake. Kama chuo hakina nafasi, shule yoyote ya sekondari ya Kikula itakubali. Kazi ya mwaka wa kwanza iwe moja tu: mchezo mmoja mdogo, wa saa moja au mbili, wa kioo cha mkononi, kwa Kiswahili cha hapa. Tukiona umechezwa Panda na umechezwa Kambove, tutajadili mwaka wa pili.

Tunajua atakayekuja na jibu. Atasema maji hayatoki, barabara ya kwenda Kolwezi inaua watu, na kuna watoto wanaoosha mawe badala ya kwenda darasani, ninyi mnataka michezo. Ni hoja ya mtu mzima na tunaiheshimu. Hatuombi maji yasubiri. Lakini tumeangalia hoja hiyo inavyotumika hapa kwetu: kila kitu cha akili kinaambiwa kingoje maji, miaka inapita, maji hayaji, na kile cha akili nacho hakikuja. Mtoto anayeosha mawe siyo mjinga. Akiulizwa anataka kufanya nini badala yake, anastahili kuona angalau kazi moja ambayo haiko shimoni na haiko Lubumbashi.

Wazazi nao wana neno lao: mchezo unakula masomo. Unakula, ndiyo, kama hauna mpaka. Mzazi anayefunga simu saa mbili usiku anafanya vizuri na aendelee. Tunamwomba tu kwamba siku moja, kabla hajaifunga, akae karibu dakika tano na aangalie mtoto anasoma nini. Huenda akakuta kurasa nyingi kuliko kitabu alichomnunulia mwezi wa Septemba.

Kwa Meya na mabergmestre wa komine nne: jadilini chumba hiki mnapopanga matumizi ya ile asilimia 15. Kwa kampuni zinazoandaa mipango ya asilimia 0,3: ubao wenu mtauweka, hatukatai, uwe hata wa rangi. Na kwa walimu wa Kiswahili wa mji huu: tunahitaji neno la yule mwenye moto. «Fundi wa moto» limo, lakini linakula nafasi 13 na nafasi kwenye menyu ni nane. Mwenye neno fupi zaidi alilete.